Mafuta Yakimwagika Karibu na Kisima



Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani kwa takribani miezi 3, baada ya umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari kukatika. Jenereta zilinguruma mitaani, na madumu ya mafuta yakajaa majumbani. Umeme ulirudi, lakini jenereta zimebaki katika nyumba na maduka mengi, Mbweni na kwingineko. Mwezi huu tuzungumze juu ya udongo uliolowa mafuta.

Madhara yake ni nini?

Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe, lenye matundu mengi. Kinachomwagwa juu huteremka upesi hadi kwenye maji tunayoyateka visimani. Petroli ina benzini, sumu ambayo mtu akiipata kwa muda mrefu huweza kumletea saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa, kiasi kidogo mno. Maji yakinuka mafuta, msiyanywe wala msiyapikie. Kuyachemsha hakusaidii, kwani mvuke wa sumu humwingia aliye jikoni. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu tu, haiondoi mafuta.

Tufanye nini?

Ikiwa ni dizeli au mafuta ya taa kidogo yaliyomwagika uani, fuateni hatua hizi:

1. Zimeni moto na sigara, waondoeni watoto, kisha zibeni panapovuja.
2. Mwagieni mchanga mkavu au unga wa mbao ili unyonye mafuta. Msimwage maji ya sabuni, maana yatayasukuma mafuta chini zaidi.
3. Vaeni glavu na viatu, chimbeni udongo wote unaonuka.
4. Utandazeni juu ya turubai nzito au sakafu ya saruji, mbali na kisima, unene usizidi shubiri moja. Changanyeni na samadi iliyooza, nyunyizeni maji kidogo, na mvua isiufikie.
5. Ugeuzeni kila wiki. Bakteria waliomo udongoni hula mafuta wakipata hewa, unyevu na chakula kinachotokana na samadi. Kazi hii huchukua miezi. Hata harufu ikiisha, msipande mboga humo.

Oili chafu ya injini ni jambo jingine. Ina madini ambayo bakteria hawawezi kuyala. Ikusanyeni katika dumu lenye kifuniko, msiimwage chini.

Mafuta mengi, au petroli yoyote iliyozama ardhini, si kazi ya nyumbani, kwani petroli hulipuka kwa cheche ndogo. Iteni Zimamoto, na mtoe taarifa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira na Mamlaka ya Maji. Wataalamu wana njia zao. Huweza kupuliza hewa ardhini, au kuchoma udongo katika tanuri maalumu, njia ya haraka lakini ya gharama kubwa. Huweza pia kuuzika katika jaa lililotandikwa kizuizi kisichopitisha maji. Njia hii haiondoi sumu, huifungia tu. Kuutupa pwani au kuujazia msingi wa nyumba ni kumhamishia jirani ugonjwa.

Mtoto akinywa mafuta, msimtapishe, kwani yataingia mapafuni. Mpelekeni hospitali mara moja.

Kinga ni bora kuliko tiba. Wekeni jenereta juu ya sakafu yenye ukingo, na madumu mbali na kisima. Mwaka 2015, katika barua yake Laudato Si', Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kuwa maji safi ni haki ya kila binadamu. Kisima cha mmoja wetu hunywesha mtaa mzima. Tukilinde kwa ajili ya wote.