Alikata mashua yake kwa chenso ili airudishe rekodi

MTAMBAA wa panya unaujua. Kutoka kwenye nyasi hadi pale juu ni mita 2.44, na kipa mzuri anaruka anaugusa. Sasa chukua mlingoti mmoja wa goli, uulaze chini, halafu upunguze sentimita nane. Huo ndio urefu wa mashua ambayo Tom McClean aliitumia kuvuka Bahari ya Atlantiki mwaka 1983.

Ni futi 7 na inchi 9, sawa na mita 2.36. Humo ndani alitakiwa kulala, kula, kuweka maji ya kunywa na kusubiri dhoruba ipite. Na mashua hiyo haikuzaliwa fupi hivyo. Aliikata mwenyewe kwa chenso.

Stori ni hii. Mwaka 1982 McClean alivuka Atlantiki kwa tanga akiwa kwenye mashua yenye futi 9 na inchi 9, akaweka rekodi ya dunia ya chombo kidogo zaidi kuvuka bahari hiyo kutoka magharibi kwenda mashariki. Wiki chache tu baadaye, Mmarekani Bill Dunlop akatua Uingereza na mashua ya futi 9 na inchi 1. Rekodi ikaondoka kwa inchi nane, yaani ule urefu wa mkono ukinyoosha vidole.

Shabiki wa soka anajua kinachofuata timu ikifungwa dakika ya 90. Kuna lawama kwa mwamuzi, kuna rufaa, kuna kocha anasema uwanja ulikuwa mbovu. McClean hakwenda huko. Alichukua ule msumeno wa mashine wa kukatia magogo, akaondoa futi mbili kwenye mashua ileile, akaifunga upya na kurudi baharini. Mwaka 1983 alifika Ureno, na rekodi ikarudi nyumbani.

UFUPI UNA GHARAMA YAKE

Kwa asiyejua bahari, kukata futi mbili kunaonekana ni ujanja wa kuvutia kamera. Sio hivyo. Mashua ikiwa fupi inapoteza mwendo, kwa sababu kasi ya chombo kinachokaa ndani ya maji inategemea sana urefu wake. Ikipoteza mwendo, safari inakuwa ndefu. Safari ikiwa ndefu, unahitaji chakula na maji zaidi, na hapohapo umeshakata sehemu ya kuviweka.

Halafu kuna mawimbi. Mashua ndefu inaweza kulalia wimbi, lakini fupi inapanda na kushuka kila wimbi kama kizibo cha chupa, usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Ni sawa na kocha kuamua kucheza na watu tisa kwa makusudi, tena ugenini.

Lakini McClean alikuwa na faida moja ambayo mabeki wetu hawana. Aliyechora mpango na aliyekwenda kuucheza ni mtu mmoja. Kosa la mchoraji lingelipwa na baharia, na wote wawili walikuwa wamevaa koti moja.

ALIKOTOKEA

Jamaa hakutoka kwenye familia ya matajiri wenye boti za starehe. Alilelewa kwenye makao ya watoto nchini Uingereza, akaingia jeshini kwenye kikosi cha miamvuli, baadaye akawa komando wa SAS.

Ni kikosi hichohicho cha miamvuli walikotoka John Ridgway na Chay Blyth, ambao mwaka 1966 walivuka Atlantiki kwa makasia kutoka Cape Cod, Marekani, hadi Ireland kwa siku 92. Walitumia dori, mashua ya wavuvi yenye sakafu bapa na mbavu zilizopanuka kwa juu, urefu wake futi 20.

Mwaka huohuo Waingereza wengine wawili, David Johnstone na John Hoare, walijaribu njia hiyo na mashua yao iliyoitwa Puffin. Meli ya jeshi la Canada iliikuta ikielea juu chini. Wenyewe hawakuonekana tena.

McClean alizijua habari zote mbili. Mwaka 1969 naye akachukua dori ya futi 20, akaitengeneza ifae bahari kuu, akaipa jina Super Silver. Tofauti ni kwamba aliamua kwenda peke yake. Hakuna wa kumpokea kasia akichoka, hakuna wa kumwamsha meli kubwa ikija.

Mei 17, 1969 aliondoka St John's, Newfoundland, Canada. Ukanda ule mwezi Mei bado una vilima vya barafu vinavyoletwa na mkondo wa maji baridi kutoka kaskazini. Mbele yake kulikuwa na kilomita 3,000 na ushee. Julai 27 alifika Blacksod Bay, magharibi mwa Ireland. Hesabu inakuja siku 70 na kidogo.

KACHELEWA SIKU NANE

Hapa ndipo inapouma. Wakati McClean anapiga kasia kwenda mashariki, kulikuwa na mwanaume mwingine kwenye bahari hiyohiyo anakwenda magharibi. John Fairfax aliondoka visiwa vya Canary Januari 20, akiwa na mashua iliyochorwa na Uffa Fox, jina kubwa mno kwenye usanifu wa mashua Uingereza. Mashua ile ilibuniwa ijigeuze yenyewe ikipinduka.

Fairfax alitumia siku 180, zaidi ya mara mbili ya McClean. Lakini alifika Florida Julai 19. Ukizitoa tarehe hizo, McClean alizidiwa siku nane kuwa binadamu wa kwanza kuvuka bahari kuu peke yake kwa makasia. Sifa iliyobaki kwake ni kuwa wa kwanza kufanya hivyo kutoka magharibi kwenda mashariki.

Wengine wangestaafu hapo na kuanza kusimulia vijiweni. Yeye alirudi njia ileile mwaka 1987, akiwa na miaka 40 na ushee, umri ambao huku kwetu mchezaji ameshakuwa kocha wa vijana. Alitumia siku 54. Kijana wa 1969 alikuwa na mapafu mapya, lakini mtu mzima alimpiga kwa siku 16 nzima.

CHUPA, MWAMBA NA NYANGUMI

Katikati ya safari hizo, mwaka 1985, alikwenda kuishi siku 40 juu ya Rockall, jiwe la mita 17 hivi linalochomoza peke yake Atlantiki ya kaskazini, ili kutilia mkazo madai ya Uingereza kwamba jiwe hilo ni lake. Mwaka 1990 akavuka Atlantiki ndani ya chombo chenye umbo la chupa, urefu futi 37. Baadaye akajenga nyangumi. Usicheke. Ni chombo cha futi 65 chenye uzito wa tani 62, kichwa cha nyangumi na mkia wa nyangumi, na kinarusha maji juu kama mnyama mwenyewe. Alikiita Moby.

Sasa tuje kwenye matokeo. Ile rekodi ya mashua fupi aliyoikatia kwa chenso ilivunjwa mwaka 1993 na Hugo Vihlen wa Marekani kwa chombo cha futi 5 na inchi 4, kifupi kuliko mabeki wengi wa kati. Zile siku 40 za Rockall nazo zilipitwa mwaka 1997 na wanaharakati wa Greenpeace waliokaa 42. Bill Dunlop, aliyemlazimisha kushika chenso, alipotea Pasifiki mwaka 1984 akijaribu kuzunguka dunia na mashua yake ndogo.

Kwa hiyo ukiuliza McClean amebaki na nini kabatini, jibu ni lile la 1969. Rekodi ya udogo na ya kasi unaazimwa tu, atakuja mwingine aichukue. Wa kwanza kutoka magharibi kwenda mashariki peke yake atabaki ni yeye, hata wavuke elfu moja.

Na Moby? Nyangumi yule alijengwa avuke Atlantiki pia. Alikaa miaka mingi ufukweni Loch Nevis, Scotland, kwenye maskani ya McClean.