Tabibu wa Lulindi Aliyekabidhiwa Wizara

Aghalabu waziri wa afya huyajua maradhi ya raia kwa taarifa zinazowekwa mezani pake. Lakini Leader Stirling, aliyekabidhiwa Wizara ya Afya ya Tanzania mwaka 1975, alikuwa ameyagusa kwa mikono yake kwa muda wa miaka arobaini, tangu mwaka 1935 alipowasili kusini mwa Tanganyika, kijana wa Kiingereza aliyehitimu upasuaji London, akitumwa na UMCA, misheni ya Kianglikana, kwenda Lulindi, katika nchi ya Masasi.

Hospitali aliyoitumikia huko ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Walimjia wenye homa, wenye ukoma, wenye madonda ndugu, na wanawake walioshindwa kujifungua wakachukuliwa kwa machela mwendo mrefu. Na kwa kuwa mpasuaji mmoja, awe hodari wa namna gani, hawezi kuwafikia wote hao, alitambua mapema kwamba kuwafundisha uuguzi vijana wa pale pale ni kazi iliyo kubwa kuliko kushika kisu. Hapo ndipo, kwa rai yangu, ilipozaliwa siasa yake.

Baada ya kuingia Ukatoliki alihamia Mnero, huko huko kusini, mwaka 1949, kisha miaka ya sitini akatumikia Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro. Mwaka 1958 alikuwa ameingia Baraza la Kutunga Sheria, akiungana na chama cha TANU, na tiba asiiache.

Alipoishika wizara, serikali ilikwisha kukata shauri, kwa kulifuata Azimio la Arusha, kwamba fedha iliyokuwa ikimezwa na hospitali kubwa za mijini ielekezwe katika zahanati na vituo vya afya vijijini. Shauri hilo hakulibuni yeye. Lakini ni nani aliyestahili zaidi kulitimiza? Katika zama zake, mwaka 1977, ilitungwa sheria iliyokataza kutibu kwa faida, hospitali za madhehebu zikaachwa ziendelee. Ilikuwa sheria kali, nayo ililegezwa mwaka 1991. Na mataifa yalipokutana Alma-Ata mwaka 1978 kuazimia huduma ya msingi ya afya kwa watu wote, Tanzania ilikuwa imekwisha kuianza safari hiyo.

Stirling alitoka wizarani mwaka 1980, akafariki mwaka 2003, mwenye umri wa miaka 97. Maisha yake ameyaeleza mwenyewe katika kitabu cha Kiingereza, Tanzanian Doctor, kilichotoka mwaka 1977. Kila kijana anayesomea udaktari na akitafute, akisome.