TV ni ya HD, Muvi ni ya Kitambo: Zima Hizo Mbwembwe

Umeomoka kidogo. TV ya mgongo imeenda ocha kwa shosh, na kwa ukuta ya keja sai kuna inchi 43 inawaka. Mbogi imefika, flashi imechomekwa, DJ Afro ameanza kubonga. Alafu picha inatokea. Nyuso ziko na ukungu, kwa giza kumejaa mabloku, na stering amenona mashavu mpaka unashangaa atapigana aje. Msee kwa kona anauliza kama hiyo TV ni refabu.

Tulia buda. TV iko fiti na muvi haijaharibika. Hapa noma ni hesabu.

Picha ya SD, yaani hiyo ya kitambo, huku kwetu ni pikseli 720 kwa 576. Zidisha, unapata 414,720. Skrini ya Full HD ni 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Hiyo ni mara 5 kamili. Ukiwa na 4K, ni mara 20. Kwa hivyo kila pikseli moja ya ukweli ikiingia kwa Full HD, TV inabuni zingine 4, na kwa 4K inabuni 19. Ni pakiti moja ya maziwa na umeambiwa upikie wageni 20 chai. Itawafikia wote, lakini rangi yake utaijua tu.

Sasa shika hii moja: hakuna setingi inaweza rudisha kitu hakikurekodiwa. Kile unaweza fanya ni kuzuia TV isimalize hiyo kidogo imebaki. Ndio maana hapa wira mob ni kuzima vitu na kuteremsha vitu. Na karibu zote ni bure.

Mbona TV ya mgongo ilikuwa inabeba?

Kwanza, size. Ile inchi 21 skrini yake ilikuwa kama sentimita 32 kutoka juu hadi chini. Ukikaa mita mbili hivi, macho haikuwa inafikia makosa. Na hiyo haikuwa bahati. SD ilipimwa ikijua mtu atakaa mbali na TV kama mara 6 ya urefu wa skrini. Sai umeweka skrini kubwa, lakini kiti iko palepale.

Pili, vile picha ilikuwa inachorwa. SD yetu hutuma nusu-picha 50 kila sekunde: kwanza mistari ya witiri, alafu mistari ya shufwa, zinapokezana. TV ya mgongo ilikuwa inachora hivyo hivyo, mstari kwa mstari, ikaiva. TV ya sasa inawasha skrini yote mara moja, so lazima ichukue hizo nusu izishone. Ikishona vibaya, mtu akikimbia anaota mistari kando ya mwili.

Na usidhani hiyo ni stori ya zamani. Kenya ilizima analogi 2015 tukahamia dijitali, lakini 576 haikuzikwa siku hiyo. Kuna chaneli bado zinarushwa kwa SD mpaka wa leo, na vitu mob za kitambo zenye masa na mbuyu wanapenda zilitengenezwa hivyo.

Rudishia watu size yao

Anza hapa juu ni ya sekunde 10. Vitu za kitambo zilichorwa kwa sura ya 4:3, na TV yako ni 16:9. Ukiiwachia ijaze skrini yote, inavuta watu kwa upana. Hapo ndio unapata Ojwang na Mama Kayai wa Vitimbi wamekaa kama wamefinywa kutoka juu.

Shika rimoti, ingia kwa setingi za picha, tafuta pahali pameandikwa Picture Size ama Aspect Ratio, dunga 4:3 ama Original. Utaona nyeusi kushoto na kulia. Wasee wengi huogopa hiyo nyeusi, wanahisi ni kama wamelipia TV nusu. Lakini kwa inchi 43, picha ya 4:3 bado ni kama inchi 35 kwa diagonali. Hiyo bado inakalia ile inchi 21 ya zamani mbali sana. Na vile TV haivuti tena kwa upana, hata ukungu inapungua.

Ukiona pia maandishi ya chini ama logo ya chaneli imekatwa, TV inakuza picha ndio ifiche kingo. Tafuta Just Scan ama Screen Fit. Ikiwa iko, iwashe.

Vivid ni ya duka, si ya keja

TV zingine zikitoka kwa boksi ziko kwa modi ya kupiga kelele. Vivid, Dynamic, majina ni mingi lakini form ni moja: kuwaka kushinda TV ya kando yake dukani. Kwa muvi ya SD hiyo ni kumulika makosa na spotilaiti. Weka Movie ama Cinema. Ukiwa na Filmmaker Mode, hiyo ililetwa na UHD Alliance 2019 na inazima mbwembwe mingi kwa mpigo.

Alafu twende kwa adui mkubwa: Sharpness. Jina inakuchocha. Ukiipandisha, hakuna kitu mpya inaletwa. Inachukua kila ukingo kwa picha na kuuchorea kamstari keupe kando yake ndio macho idhani kuna ukali. Kwa picha ya HD unaweza sahau. Kwa SD, inachorea mpaka mabloku na chengachenga, so uchafu ndio unakuwa stering.

Ifanye hivi. Pozi muvi mahali kuna maandishi, ama mahali mtu amesimama mbele ya anga. Sogea karibu uangalie kando ya herufi ama bega lake. Hako kamstari keupe unakaona? Teremsha Sharpness polepole mpaka kaishe, alafu wachia hapo. Usishike namba ya mtu mwingine, juu kwa TV zingine kawaida ni sifuri na kwa zingine ni katikati. Amini macho yako.

Ya tatu ni Noise Reduction. Hapa mambo inageuka kidogo, juu hii ndio moja ya zile chache SD inahitaji. Zinakuwanga mbili: moja ya chengachenga, ingine ya mabloku, hii ya pili saa zingine inaitwa MPEG Noise Reduction. Kwa HD zima zote. Kwa SD weka Low. Usiende High, juu TV itafuta chengachenga pamoja na ngozi ya watu, ubaki unacheki nyuso hazina hata kasoro moja.

Ya nne ni ile ya kulainisha mwendo. LG wanaiita TruMotion, Sony ni Motionflow, na kwa Samsung zingine ni Auto Motion Plus. Inabuni fremu katikati ya fremu za ukweli. Ukiipea picha iko na mabloku, inabuni vibaya: mkono wa stering ukirusha ngumi unaacha vipande nyuma. Zima.

Ukicheki usiku, teremsha na Backlight. Giza ya SD huwa imejaa uchafu, na taa kali ndio inauanika.

Kitu moja wasee husahau: kwa TV mob, hizi setingi zinashikwa kwa kila tundu peke yake. Ukirekebisha kwa USB, ile HDMI ya dekoda bado iko vile ilikuwa. Zunguka zote. Poa yake ni kwamba unaweza wachia HDMI ya vitu safi na setingi zake, USB ya muvi za kitambo na zake.

Hiyo waya ya njano itoke

Kwa dekoda ama DVD, watu mob bado wanatumia zile waya tatu: njano, nyekundu, nyeupe. Nyekundu na nyeupe ni sauti. Picha yote inapita kwa njano, mwangaza na rangi zikiwa zimechanganywa pamoja. TV lazima izitenganishe tena, na haiwezi zitenganisha zote. Hizo ndotndot unaona zikitembea kando ya vitu za rangi kali zinatoka hapo.

Kama dekoda yako iko na tundu ya HDMI, hamia leo. Usikubali mtu wa duka akuuzie waya ya doh refu. Kwa SD, ile ya bei ya chini ikishika haipotezi kitu.

Alafu ingia kwa setingi za dekoda yenyewe, pahali pa Resolution. Ukiweka 1080, dekoda ndio inakuza picha. Ukiweka 576, TV ndio inakuza. Jaribu zote mbili na chaneli moja. Mara mob TV ndio mkali kuliko dekoda ya bei rahisi.

Na kama unarusha muvi kutoka kwa simu, wacha ile ya kuonyesha skrini yote ya simu. Simu inafinya picha upya ndio iitume hewani, so SD inafinywa mara mbili. Weka faili kwa flashi.

Ukiwa na lapi, uko mbele

Programu ya kuchezea muvi ya TV nyingi ni ya kawaida tu. Lapi na HDMI inakupea nguvu zaidi. Weka skrini ya nje ikuwe 1920 kwa 1080, fungua VLC, ambayo ni ya bure. Mistari ikitokea kando ya mtu akikimbia, ingia Video, alafu Deinterlace, weka On, na kwa modi chagua Yadif 2x. Hiyo inashona zile nusu-picha 50 zikuwe fremu 50 kamili, na mpira wa kitambo unatiririka vile ulikuwa unatiririka kwa TV ya mgongo.

Nyeusi ikikaa kijivu, lapi na TV hazijakubaliana nyeusi inaanza wapi. Kwa TV tafuta HDMI Black Level, badilisha Low na High uone ni gani inarudisha giza.

Ukitaka kuenda ndani zaidi, kuna mpv, pia ni ya bure. Hiyo inakuza picha kwa ufundi kushinda VLC, lakini ujue utaandika setingi na mkono.

Jina ya faili ni jaba

Msee wa muvi anaweza kupea faili imeandikwa 1080p. Ifungue kwa VLC, bonyeza Ctrl na J. Utaona saizi ya ukweli ya picha. Ukipata 640 kwa 360, jina ilikuwa jaba tupu.

Lakini kuna ujanja ingine. Mtu anaweza chukua DVD ya kitambo aikuze mwenyewe mpaka 1080. Ctrl na J itakubali, na faili itakuwa nzito, lakini ndani ni SD ile ile, imefinywa tena. DVD yenyewe ingekuwa kali kushinda hiyo. Hata zile programu za AI za kukuza video ziko hivyo: zinabuni. Zikibahatika zinabamba, zikikosea zinapea stering uso hana.

Zile faili za MB 700 pia zielewe. Hiyo size ilipimwa ndio muvi itoshee CD moja. Dakika 90 hapo ndani zinabaki na kama megabiti moja kwa sekunde, na DVD inaweza fika 9.8. Mabloku yanatoka hapo, na hakuna rimoti itayafuta yote.

Ya mwisho ni kiti

Ile mara 6 ya urefu wa skrini bado inafanya kazi. Inchi 32 iko na urefu wa sentimita 40, so kwa SD kaa mita 2.4. Inchi 43 inataka kama mita 3.2, na kwa bedsita nyingi hapo utakuwa umekaa kwa jirani. Ndio maana msee anacheki vitu mob za kitambo na anaishi bedsita, inchi 32 inaweza mfaa kushinda 50. Okoa hiyo ganji.

Na ukienda Luthuli kununua, ujue TV zote dukani zinacheza video ya maua na samaki ya 4K. Hapo kila TV ni mkali. Wewe enda na flashi yako, iko na muvi moja ya SD umeizoea. Ambia muuzaji aichomeke kwa zile mbili tatu unataka, zote zikiwa kwa Movie. Ile itaficha mabloku vizuri ndio ya kulipia, na ukiona muuzaji anakataa kuchomeka, vuka barabara. Maduka ni mob.