Peugeot 404: Kuirudisha ilivyokuwa au kuibadili?

Peugeot 404 ni sehemu ya historia ya pamoja ya nchi zetu. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilishindwa na gari hilo mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland wa Tanzania.

Leo anayerithi 404 iliyolala uani ana maswali mawili. Airudishe kama ilivyotoka kiwandani, au aifunge injini ya Toyota ambayo spea zake zipo kila mji?

Wapenzi wa magari ya kale huthamini zaidi lenye injini yake ya asili. Lakini 404 za mwanzo zilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne, na barabara za leo zina malori mengi yaendayo kasi.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linahimiza mabadiliko yanayoweza kuondolewa baadaye. Hapo ndipo pa kushika. Mikanda ya usalama na breki za diski zikifungwa kwa boliti, vipuri vya zamani vikatunzwa, gari litarudi lilivyokuwa. Bodi ikikatwa ili injini ngeni iingie, hairudi tena.

Aliyebadili injini abadili na kadi ya gari. Namba zisipolingana, safari inaweza kuishia Namanga au Malaba.