Divai inayotaka nyama

Huko Basilicata, kusini mwa Italia, kuna Vulture, mlima wa moto uliozimika zamani. Kwenye udongo wake wanalima zabibu za Aglianico, zenye kuchelewa sana kuiva: wanavuna mwezi wa 10, hata wa 11. Mvua ikitangulia, kazi ya mwaka mzima inaweza kuoza shambani.

Divai yake ni nyekundu nzito, inakausha ulimi sawa vile chai kali bila maziwa. Ukiionja peke yake utakunja uso. Lakini kula nayo nyama ya mwana-kondoo ya kuchoma, yenye mafuta, ao jibini ngumu ya kondoo: ile ukali inapungua, mdomo unalainika. Na samaki? Hapana, utasikia ladha ya chuma.