Gari Lisilo na Tundu la Ufunguo

Nataka kuwaeleza habari ya wizi wa magari ya kisasa, na jinsi ya kujilinda nao. Mimi sina gari, lakini karo yangu hutoka katika gari, kama mtakavyoona.

Katika likizo iliyopita, asubuhi moja Baba Mdogo alipiga simu nyumbani, sauti yake imejaa haya. Yeye ni dereva wa gari la kukodi mjini Kampala, na siku hiyo alikuwa amempeleka abiria kutoka kwetu Kireka mpaka Mukono. Alipofika alizima injini, akamsaidia abiria wake mizigo, akarudi kwenye kiti, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Gari kimya. Ufunguo ulikuwa nyumbani, juu ya meza, kando ya kikombe chake cha chai. Aliliwasha gari akiwa na ufunguo mfukoni, akarudi ndani kumalizia chai, akauweka mezani, akatoka, akaenda zake. Taa ya onyo iliwaka na kengele ikalia, lakini alidhani ni mlango ambao haukufungwa vizuri. Basi mimi ndiye niliyepanda bodaboda kumpelekea ufunguo.

Njiani niliwaza sana. Ikiwa gari laweza kwenda zaidi ya kilomita kumi ufunguo ukiwa mezani, je, mwizi ahitaji nini ili aondoke nalo? Gari lile ni Toyota lililotumika Japani, nalo bado lina deni la benki. Nauli zake ndizo zinazotusomesha mimi na dada zangu wawili. Likipotea leo, deni litabaki na karo itakwisha. Kwa hiyo niliporudi niliuliza mafundi, nikasoma, nikamwuliza na mwalimu wetu wa fizikia. Haya ndiyo niliyoyapata.

Gari la zamani lilifunguliwa kwa kipande cha chuma chenye meno. Mwizi aliyejua kuunganisha nyaya aliweza kuliwasha bila ufunguo. Ndipo watengenezaji wakaweka ndani ya ufunguo kipande kidogo cha elektroniki chenye siri, na injini ikakataa kuwaka isipoisikia siri hiyo. Katika Uingereza sheria ilitaka kila gari jipya liwe na kizuizi hicho tangu Oktoba 1998. Wizi ukapungua sana.

Baadaye watu walitaka raha zaidi, ukaja ufunguo usiotolewa mfukoni. Kazi yake ni hivi. Ushikapo mpini wa mlango, gari hupeleka mawimbi ya redio yasiyofika mbali, yapata mita moja au mbili tu. Ndani yake mna swali. Ufunguo ukiwa karibu hulisikia swali, hukokotoa jibu kwa siri yake, na kulirudisha kwa mawimbi mengine yafikayo mbali zaidi. Gari likilitambua jibu, mlango hufunguka. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, maswali na majibu hurudiwa, na injini huwaka. Lakini injini ikisha kuwaka haizimiki ufunguo ukitoka, maana kuzimika ghafula barabarani kwaweza kuua watu. Gari huonya tu. Ndiyo sababu Baba Mdogo alifika Mukono.

Sasa wezi hufanyaje? Nitatoa mfano wa shule yetu. Tuseme mlinzi wa lango hamfungulii mtu usiku mpaka alijibu swali lake, na swali hubadilika kila mara. Kiranja mmoja tu ndiye ajuaye kujibu, naye amelala bwenini. Wezi wawili waja. Mmoja asimama langoni, wa pili chini ya dirisha la kiranja. Mlinzi auliza, mwizi wa kwanza ampelekea mwenzake swali kwa simu, wa pili alisema dirishani. Kiranja ana tabia ya kujibu usingizini, naye ajibu. Jibu larudi langoni kwa njia ile ile, na lango lafunguliwa. Tazameni: wezi hawakuivunja siri wala hawaijui. Wamebeba maneno tu, kama wakimbiaji katika mbio za kupokezana vijiti.

Huo ndio wizi wa kupokezana. Mwizi mmoja husimama karibu na gari na chombo chake, mwingine hutembea kando ya ukuta wa nyumba au nyuma ya mwenye gari dukani. Gari hudhani ufunguo upo mlangoni, kumbe uko chumbani juu ya kabati. Kioo hakivunjwi, wala king'ora hakilii. Mwaka wa 2011 wataalamu watatu wa chuo kikuu cha ETH mjini Zürich, Francillon, Danev na Čapkun, walitangaza kwamba wamejaribu jambo hili kwa magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8. Yote yalikubali.

Njia ya pili ni kuvuruga mawimbi. Hii huwapata hata wenye magari ya kawaida yafungwayo kwa rimoti. Mtu aegesha gari, abonyeza kitufe huku akienda zake bila kutazama nyuma. Mwizi aliye karibu ana chombo kipigacho kelele za redio, na amri ya kufunga haifiki garini. Mlango wabaki wazi, na mwenye gari akirudi hukuta mfuko au kompyuta imekwenda. Wizi huu umejulikana sana katika maegesho ya Afrika Kusini.

Njia ya tatu ni ya kushangaza kuliko zote. Katika gari la leo kompyuta nyingi ndogo, za taa, milango, breki na injini, huzungumza katika nyaya mbili za pamoja. Mpango huo huitwa CAN, nao ulitolewa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka wa 1986. Siku hizo hakuna aliyefikiri kwamba mgeni ataingia katika mazungumzo hayo, kwa hiyo kila sauti iliyosikika humo iliaminiwa. Mwaka wa 2022, huko London, mtaalamu mmoja wa usalama wa magari, Ian Tabor, aliona kwamba bampa la gari lake la Toyota RAV4 limevutwa na nyaya za taa ya mbele zimechomolewa. Alidhani ni wahuni. Baada ya siku chache gari lilitoweka. Yeye na mwenzake Ken Tindell walichunguza, na mwaka wa 2023 Tindell akaeleza ulimwengu walichokigundua. Wezi walikuwa wakiunganisha chombo, kilichofichwa ndani ya kasha la spika ndogo ya muziki, katika nyaya za taa, nacho kilisema katika mazungumzo yale: "Ufunguo halali upo." Kompyuta za gari zikaamini. Kwa mfano wetu wa shule, huyu haendi langoni kabisa. Atoboa ukuta wa jikoni na kusema kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Msomaji ataweza kusema, hayo ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Mwaka wa 2015 polisi wa Uingereza walifuata ishara za gari la Lexus lililoibwa kwao. Lilipita Ufaransa, likapita Oman, likashuka Mombasa, na mwisho likakutwa hapa Kampala, pamoja na magari mengine ya thamani yaliyoibwa kule. Mwaka wa 2019 maofisa wa ushuru wa Kenya walikamata bandarini Mombasa magari ya fahari yaliyotoka Uingereza kwa wizi, na hati zilisema ni vyombo vya nyumbani. Basi soko la wezi hao liko pia kwetu. Ukiuziwa gari kubwa kwa bei ndogo isiyoaminika, hakikisha kwanza kwamba namba ya chasisi yafanana na ile ya kwenye hati, na uombe polisi waitazame katika orodha ya Interpol ya magari yaliyoibwa. Penye mnunuzi asiyeuliza, mwizi hakosi kazi.

Sasa nije kwenye dawa.

Kwanza, uufunge ufunguo ndani ya chuma. Mwaka wa 1836 Michael Faraday alijenga chumba kilichozungushwa karatasi ya madini, akaonyesha kwamba umeme wa nje haukuingia ndani. Mawimbi ya redio nayo huzuiwa na sanduku la chuma lililofungwa vizuri. Mimi nilichukua mkebe wa biskuti wa Mama Mdogo, nikautia ufunguo, nikamwomba Baba Mdogo ausimamishe mkebe kando ya mlango. Akashika mpini, mlango ukafunguka! Akacheka, akasema, "Mwanangu, hiyo ndiyo elimu ninayoilipia?" Nikatazama, kumbe kifuniko kimekaa upande. Nikakibana sawasawa. Akashika mara tatu, na mlango haukufunguka tena. Hakucheka. Funzo ni kwamba usiamini mkebe wala mfuko wowote kwa maneno ya muuzaji. Ujaribu mwenyewe kando ya gari, na kila mwezi ujaribu tena, maana mifuko ya kuzuia mawimbi huchakaa kwa ndani. Ufunguo wa akiba nao uingie mkebeni, maana hata ukilala sandukuni hujibu swali.

Pili, kama gari lako laruhusu, ondoa kabisa ile desturi ya kujifungua lenyewe. Magari mengi huweza kuzimiwa jambo hilo. Soma kitabu cha gari au muulize fundi unayemwamini. Tangu hapo utabonyeza kitufe ili kufungua, na ufunguo hautajibu usingizini.

Tatu, tumia kufuli la chuma la usukani. Hili halizuii injini kuwashwa kwa hila, lakini humzuia mwizi kuliendesha gari, hata akitumia ile njia ya nyaya za taa ambayo mkebe hauwezi kuizuia. Haliwezi kushinda msumeno, lakini msumeno hupiga kelele na huchukua muda, na mwizi hapendi vyote viwili.

Nne, ufungapo gari kwa rimoti, simama, tazama taa zikimweka, kisha uvute mpini kwa mkono. Hilo halina gharama yoyote.

Tano, ukiona bampa au taa ya mbele imechezewa, usiseme ni watoto. Lilaze gari mahali pengine usiku huo.

Watengenezaji nao hawakulala. Mwaka wa 2019 kampuni ya Ford ilitia katika baadhi ya magari yake ufunguo unaolala usipotikiswa kwa muda. Uliowekwa mezani haujibu mtu. Wengine wametia ufunguo unaopima muda wa jibu. Mwalimu wetu alinieleza hivi: mawimbi ya redio huenda sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Jibu lililobebwa kutoka mbali haliwezi kufika upesi kama la karibu, hata wezi wafanye nini, kwa sababu hakuna kiendacho kuliko mwanga. Rudini kwenye lango letu: mlinzi ameshika saa, na jibu likichelewa afunga komeo. Lakini magari mengi yaliyo katika barabara zetu yalitengenezwa kabla ya maarifa hayo, na yataendelea kutuhudumia miaka mingi.

Baba Mdogo aliukubali mkebe, lakini kufuli la usukani alilikataa. Alisema abiria watamwona mtu wa kale, na kwamba gari la kitufe halifungwi kwa chuma kama baiskeli. Nilinyamaza, maana yeye ni mzazi wangu na mimi namla jasho lake. Siku ya tatu nilimwuliza tu kwa upole, likiibwa, benki itamdai nani? Hakunijibu. Jumamosi alirudi kutoka soko la Kisekka na kufuli jekundu chini ya kwapa, akaliweka mbele yangu, akaniambia nimwonyeshe lavaliwaje.

Siku ya kurudi shuleni alinileta mwenyewe. Alipoegesha karibu na ofisi ya mhasibu alilifunga kufuli lile, akavuta mpini wa mlango mara mbili, ndipo tukaingia kulipa karo ya muhula huu. Wanafunzi wa zamani mjao kututembelea na magari yenu mazuri, nawasihi mfanye vivyo hivyo. Na kama nyumbani mna mkebe wa biskuti, kwanza hakikisheni kifuniko.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita