Hewa Inayochana Rangi

Katika gereji za jua kali mjini Naivasha, matatu iliyokwanguliwa ubavu hupigwa rangi upya kwa kifaa ambacho siri yake yote imo katika matundu mawili. Tundu la kati hutoa rangi. La pili lina umbo la pete. Limelizunguka la kwanza na hutoa hewa ya kompresa. Fundi akivuta kichochezi, rangi inayoanza safari kama uzi hugeuka ukungu kabla haijafika mbali.

Wengi hudhani rangi husukumwa kwa nguvu mpaka ikapasuka. Sivyo. Kwenye vifaa vyenye kikombe juu, rangi hushuka polepole, kwa uzito wake. Mkataji ni hewa, inayopita kandokando yake kwa kasi inayoweza kuzidi mita 100 kwa sekunde. Wazo lenyewe halikuanzia gereji: Allen DeVilbiss, daktari wa pua na koo mjini Toledo, Marekani, alianzisha kampuni mwaka 1888 kuuza vifaa vya kupulizia wagonjwa dawa kooni. Mwanawe Thomas ndiye aliyeyapeleka maarifa hayo kwenye rangi.

Bila hewa, uzi wa kimiminika hukatika vilevile, ila kivivu. Mwaka 1878 Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza, alieleza jinsi mvutano wa uso unavyoubana mkondo mwembamba hadi ukawa matone yenye kipenyo cha karibu mara 1.89 ya mkondo wenyewe. Tundu la rangi la milimita 1.4, ambalo ni la kawaida sana, lingetoa matone ya milimita 2.6. Hakuna mwenye matatu angelipia kazi hiyo. Kipenyo kinachotakiwa ni makumi ya mikroni tu, chini ya unene wa unywele, na hesabu yake inashangaza: tone moja la milimita 2.6 likisagwa kuwa matone ya mikroni 26, yanapatikana matone milioni moja.

Hatua ya kwanza ya kusaga huko inafahamika kwa kila nahodha wa boti Ziwa Naivasha. Asubuhi maji hutulia. Alasiri upepo ukivuma, uso wote hujaa mawimbi. Helmholtz mwaka 1868 na Kelvin mwaka 1871 walichunguza kwa hesabu jinsi vitu viwili vinavyotiririka sambamba kwa kasi tofauti visivyoweza kuuacha mpaka wao ukae laini. Kwenye mdomo wa kifaa cha rangi upepo huo huuzunguka mkondo pande zote, na mawimbi yake ni madogo mno.

Kisha hewa huyasukuma mabonge ya mawimbi hayo, nayo hayasogei yakiwa mazima. Yanachanika kuwa vidole, vidole vinavutwa kuwa nyuzi, na nyuzi zinakatika kuwa matone. Mwaka 2004 watafiti Marmottant na Villermaux wa Ufaransa waliufuatilia mlolongo huu hatua kwa hatua. Utafiti mwingine, wa Lasheras na Hopfinger, ulionyesha kwamba msukumo wa hewa ukiongezwa mara 4 ukilinganishwa na ule wa kimiminika, sehemu ya mkondo isiyokatika hufupika kwa nusu.

Mafundi hawahitaji hesabu hizo ili waongeze thina ya kuilegeza rangi. Rangi yenye mnato mkubwa huyapinga mawimbi na kuvutika kuwa nyuzi ndefu zisizokatika upesi. Matone hubaki makubwa, na bodi ikikauka inakuwa na vinundu kama ganda la chungwa. Thina ikizidi, rangi inachuruzika. Naivasha pia ina kero yake: mji uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Kila mpigo wa kompresa hukusanya hewa pungufu, hivyo tangi huchelewa kujaa.

Ukungu mwembamba nao una gharama. Katika hewa tulivu, tone la maji la mikroni 100 hushuka mita 3 kwa sekunde 12 hivi. La mikroni 10 huchukua zaidi ya robo saa. Ndiyo maana hata kwenye mashamba ya maua yanayolizunguka ziwa, ukubwa wa tone la dawa huamua kama litatua kwenye jani la waridi au litaelea ndani ya banda wafanyakazi wakisubiri kuingia.

Kwa rangi, jibu moja limekuwa kifaa kinachotumia hewa nyingi yenye shinikizo dogo, lisilozidi paundi 10 kwa inchi ya mraba kwenye mdomo. Kanuni za kusini mwa California hudai angalau asilimia 65 ya rangi ishike kwenye bodi. Inayobaki huelea, na ikiwa ni rangi ya kuchanganywa na kikaushio chenye isosayanati, huweza kumletea fundi pumu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa kikaushio hicho.